Nani Kasema Muvi Nzito Zinavunja Moyo?

Makamanda,

Wiki mbili zilizopita, kwenye kikao cha vijana cha kata, nilitoa hoja ndogo tu. Kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi, badala ya kukaa tunasikiliza hotuba ambazo tumeshazisikia, tuonyeshe filamu moja nzito pale ofisini, watu waangalie mpaka mwisho, halafu tuijadili. Nikapendekeza tuanze na I'm Still Here ya Brazil. Nilijiandaa kwa maswali ya projekta na umeme. Sikujiandaa kwa kilichokuja. Katibu mwenezi wetu, kaka yangu ninayemheshimu sana, akacheka, akasema: "Wakili msomi, watu wametoka kulia makwao, wewe unataka waje kulia na ofisini? Tuletee kitu cha kuchangamsha." Makofi. Mwingine akadakia kwamba muvi za namna hiyo ni mambo ya watu wa Masaki, wenye nafasi ya kukaa kusikitika. Hoja ikafia hapo. Sikujibu kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na, niseme kweli, nilikuwa na hasira. Najibu leo.

Nianze na hili la kwamba watu wetu hawataki huzuni. Hivi huyu kaka anaishi nchi gani? Ingia sebule yoyote uswahilini saa mbili usiku. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, mtu analia tangu mwanzo mpaka matangazo. Bongo Movie ndiyo usiseme: mama wa kambo anamtesa mtoto, mume karogwa, binti kafa siku mbili kabla ya harusi, mwisho tuko makaburini na kinanda kinalia kuliko wafiwa. Mama yangu anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na kesho saa ileile yuko palepale. Tunapenda kulia jamani. Tunalipia na kifurushi ili tulie.

Ila angalia huzuni yenyewe. Mtoto anateswa kwa sababu mama wa kambo ana roho mbaya. Binti kafa kwa sababu Mungu kapenda. Ukimaliza kulia unazima tv, unalala, hakuna ofisi ya kwenda kuuliza. Filamu ninazozitetea mimi zina huzuni yenye anwani. Yupo aliyetoa amri, yupo aliyesaini, yupo aliyeendesha gari, na yupo aliyekuwa amekaa kwenye meza yake na kalamu yake akaamua kutokuona. Hiyo ndiyo huzuni inayofanya watu waanze kujikunakuna na kusema "hii muvi nzito, weka nyingine".

Chukua hiyo I'm Still Here mliyoikataa bila kuiona. Imeongozwa na Walter Salles, ilitoka 2024, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Ni jambo lililotokea kweli. Rubens Paiva alikuwa mbunge. Jeshi lilipopindua serikali mwaka 1964 akavuliwa ubunge, akarudi kwenye kazi zake na familia yake. Tarehe 20 Januari 1971, mjini Rio de Janeiro, wanaume waliovaa kiraia walikwenda nyumbani kwake wakamwambia anatakiwa akatoe maelezo. Akavaa vizuri, akaondoka nao. Hakurudi. Mkewe, Eunice, naye akachukuliwa pamoja na binti yao mmoja. Yeye alishikiliwa siku 12.

Sasa ukiwa na akili ya muvi tulizozoea, unasubiri kumwona Rubens akipigwa. Humwoni. Salles anakunyima. Kamera inabaki na mke. Sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu ni raha tupu: watoto wanakimbia kutoka ufukweni na mchanga miguuni, muziki, wageni, mbwa, mlango hauna kufungwa. Nilipoiangalia mara ya kwanza nilianza kuboreka, nikajiuliza giza lenyewe liko wapi. Halafu wale wanaume wanaingia, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kufunga mapazia. Basi. Hakuna aliyepigwa kofi, lakini nyumba tuliyoizoea ikiwa na mwanga imeingia giza mchana, na mama wa nyumba anawafikiria watu hao chakula kwa sababu ndivyo alivyolelewa, mgeni ni mgeni. Kule kizuizini mateso tunayasikia tu kupitia ukutani. Anaporudi nyumbani anajisugua bafuni kama mtu anayetaka kuvua ngozi.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi ilinimaliza, na haina hata mtu anayelia. Eunice anakwenda benki kutoa hela ya kulea watoto watano. Anaambiwa saini ya mumewe inahitajika. Mume yuko wapi? Serikali inasema hatuna mtu huyo, alitoroka. Kwa hiyo si mjane, kwa sababu hakuna maiti, na si mke mwenye mume wa kusaini. Kwenye darasa la ushahidi tulifundishwa dhana ya kifo: mtu akipita miaka iliyotajwa na sheria bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangemsikia, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amekufa. Nilikiandika kifungu kile kwenye daftari, nikakijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Sikuwahi kumwona mtu ndani yake mpaka nilipomwona Eunice kwenye dirisha la benki.

Na kama kuna kamanda anapenda mambo ya vielelezo, asikilize hili la historia yenyewe. Jeshi lilikana kumshikilia Paiva. Lakini gari aliloondoka nalo nyumbani lilikutwa kwenye ua wa kituo chao, na familia ilipolichukua iliandikiwa stakabadhi. Kikaratasi cha kukabidhiana gari! Waliokanusha mtu walisahau kukanusha gari. Cheti cha kifo Eunice alikipata mwaka 1996, miaka 25 baadaye, na kufikia wakati huo alikuwa amerudi shule akiwa mtu mzima, akasomea sheria, akawa wakili. Mwaka 2014 waendesha mashtaka waliwafungulia mashtaka maafisa watano wa zamani. Kesi ikakwama kwenye sheria ya msamaha ya 1979. Mwanzoni mwa 2025 cheti kile kilirekebishwa ili kiseme kwamba kifo kilisababishwa na dola.

Niambieni sasa kwamba hiyo ni stori ya Brazil. Ben Saanane hajaonekana tangu Novemba 2016. Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, alichukuliwa Novemba 2017. Mwaka 2019 waziri alitamka kwenye mahojiano na BBC kwamba alitoweka na kufariki, halafu kauli ikarudishwa mdomoni, ikaitwa kutoeleweka. Mzee wetu Ali Mohamed Kibao alishushwa kwenye basi mbele ya abiria tarehe 6 Septemba 2024, kesho yake akapatikana akiwa maiti. Majina haya tunayajua kwa moyo. Tunayaweka kwenye fulana. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kukaa saa mbili mfululizo tukiwaza nyumba walizotoka: nani analipa ada, mtoto anajibu nini shuleni akiulizwa baba yuko wapi, mke anajaza nini kwenye fomu penye "hali ya ndoa"? Hashtegi haiwezi kukupeleka huko. Hotuba haiwezi, hata ile nzuri. Filamu ile inaweza, na ndicho kitu kikao kilichokipigia makofi kisije.

Sisemi ni filamu isiyo na doa. Ni nyumba ya watu wenye uwezo, karibu na bahari, na msichana wa kazi, Zezé, tunamwona akihudumia halafu filamu haimfuati. Brazil ile ya udikteta iliwameza pia wakulima na watu wa jamii za asili ambao hawakuwa na mtoto wa kuja kuwaandikia kitabu. Ningependa kujua giza linaonekanaje kwenye nyumba isiyo na mapazia. Hilo ndilo ningetaka tubishane Jumamosi. Kulibishania ni lazima kwanza uione.

Hapa nikubaliane na wapinzani wangu kwa jambo moja. Si kila muvi yenye giza ni nzito. Kuna giza la mapambo. Taa hafifu, mvua, mwanamume mwenye ndevu anavuta sigara na kunong'ona, basi tunaambiwa ni kazi ya maana. Kamanda mmoja, simtaji, aliniambia siasa kajifunza kwa Frank Underwood wa House of Cards, na ukiangalia alivyogombea uongozi wa vijana utaamini. Ile tamthilia inakufanya mshirika: mwovu anakugeukia, anakukonyeza, anakueleza mipango yake, na wewe unajisikia mjanja pamoja naye. Narcos nayo ilianza na nia ya kuonyesha ukatili, ikaishia kwenye picha za wasifu za vijana wa mjini, Escobar kila kona. Kipimo changu ni rahisi. Filamu ikiisha, nani unatamani kuwa? Kama unatamani kuwa muuaji, umeuziwa.

Ipime kwa kipimo hicho A Short Film About Killing ya Krzysztof Kieślowski, ya Poland, 1988. Hakuna hata mtu mmoja mle utakayetamani kuwa, labda yule wakili, na hata yeye anashindwa. Aliyeiandika pamoja na Kieślowski ni Krzysztof Piesiewicz, ambaye alikuwa wakili wa utetezi kwa kazi, na inaonekana. Kijana anaitwa Jacek anazurura mjini na kamba mfukoni. Anapanda teksi. Anamuua dereva, na kumuua kwenyewe kunachukua dakika nyingi mno, kwa sababu mwili wa binadamu haufi kama kwenye muvi, unakataa. Unatazama ukitaka iishe. Haupewi sababu: hakuna deni, hakuna kisasi. Wala dereva mwenyewe hakufanywa malaika ili umlilie, ni mtu mchokozi anayewaacha abiria barabarani kwa kujifurahisha. Picha yote ina rangi ya kijani iliyochakaa, kana kwamba unautazama mji kupitia chupa chafu.

Halafu inageuka. Kesi yenyewe hatuioni. Tunakuta hukumu imeshatoka. Na sasa dola inajiandaa kumnyonga Jacek, na Kieślowski anaturudisha kwenye utaratibu uleule wa polepole: mtu anakagua kamba, anajaribu mtambo, anaweka mafuta, anaweka chombo chini cha kupokea uchafu wa mwili. Kila mtu anafanya kazi yake vizuri. Piotr, wakili kijana ambaye kapata uwakili wake siku zilezile, anakaa na mteja wake dakika za mwisho, na huko ndiko tunapojua habari za mdogo wake wa kike aliyekufa akigongwa na trekta, dereva akiwa rafiki ambaye Jacek alikuwa amekunywa naye. Haimsafishi. Inakuongezea mzigo tu. Poland ilimnyonga mtu wa mwisho Aprili 1988, na kanuni yao mpya ya mwaka 1997 ikaifuta adhabu hiyo kabisa. Sisemi filamu ndiyo iliyofanya. Nasema watu walikuwa wameshaiona kazi yenyewe inavyofanyika.

Sisi je? Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mauaji ya kukusudia ni kifo, na jaji hana cha kuchagua. Hatujamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini watu wanaendelea kuhukumiwa na kukaa wakisubiri. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, inayokaa hapo hapo Arusha, ilisema katika shauri la Ally Rajabu kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua kunavunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imeondoa tamko linaloruhusu wananchi na asasi kwenda wenyewe kwenye mahakama hiyo. Nimewahi kubishana mambo haya na makamanda wetu, watu wa haki, watu wa katiba mpya, na robo tatu wananiambia: "Muuaji anyongwe, dada, usitetee wauaji." Nina hoja za kisheria kumi na moja, hazijawahi kumbadilisha hata mmoja. Nawaomba saa moja na nusu zenu na filamu hiyo. Mkitoka hapo bado mnataka kamba, sawa, angalau mtakuwa mmeona inavyojaribiwa.

Sasa hili la kuvunja moyo, ambalo ndilo kubwa. Mwenezi anaogopa kwamba ukimwonyesha kijana mwovu akishinda, kesho haji kwenye mkutano. Kuna filamu inaitwa Z, ya Costa-Gavras, 1969. Mwaka 1963 mbunge wa upinzani Ugiriki, Grigoris Lambrakis, alipigwa rungu kichwani kutoka kwenye kigari cha miguu mitatu akitoka kwenye mkutano Thessaloniki, wakati polisi wamejaa barabarani. Taarifa ikasema ajali, walevi. Hakimu mpelelezi, mtu mkavu asiye na mapenzi na upande wowote, anaanza kuuliza maswali madogo madogo, na maswali yale yanapanda ngazi mpaka kwa maafisa wenye nyota. Wanaitwa mmoja mmoja, wanashtakiwa. Ukumbini unataka kusimama ushangilie. Halafu dakika za mwisho unaambiwa mashahidi wamekufa mmoja baada ya mwingine, hakimu kaondolewa, wakubwa hawajaguswa, na jeshi limeshika nchi. Filamu yenyewe ilibidi ipigwe Algeria, maana Ugiriki ilikuwa mikononi mwa makanali, na huko ikapigwa marufuku.

Ni mwisho mbaya kuliko yote. Na ni filamu iliyonipeleka kujaza fomu ya sheria badala ya uhasibu ambao nyumbani waliutaka, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kuuliza swali dogo na kuandika jibu chini ni kitendo. Yule hakimu wa kweli, Christos Sartzetakis, alifungwa na makanali. Mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki. Costa-Gavras hakuweza kulijua hilo mwaka 1969, na hakutudanganya kwa kulibuni. Alituachia ubaya ulipokuwa umefikia. Kijana anayevunjika moyo kwa kuambiwa ukweli, ataishi vipi siku anapokwenda kumwekea mtu dhamana kituoni na kuambiwa mtu huyo hayupo? Ninaowaona wakipotea kwenye harakati ni wale tuliowaahidi ushindi kila Oktoba.

Na zetu ziko wapi? Uwezo tunao. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilikwenda Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kugombea Oscar tangu Maangamizi miaka ishirini nyuma. Ni nzuri, nimeiangalia mara tatu, ile Zanzibar ya usiku na Yasmin aliyekimbia ndoa yake inakaa kichwani. Lakini angalieni: jela ile ni ya Mwingereza. Polisi wale ni wa Mwingereza. Giza la mkoloni linaonyeshwa na wote tunapiga makofi, serikali na upinzani. Nani atatupigia picha ya jela ya mwaka juzi? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya 1976, inakutaka uwe na kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Yaani mtu anayetaka kuhoji dola anaanza kwa kuipelekea dola maelezo ya jinsi atakavyoihoji. Halafu tunawacheka wasanii kwamba wanaandika mapenzi tu. Kwenye orodha yetu ya sheria kandamizi tunazozisoma kila mkutano, hii sijawahi kuisikia ikitajwa. Ni ya kwetu pia, iongezwe.

Limebaki la Masaki, na hili ndilo lililoniudhi zaidi. Kwamba mtu wa Mbagala hawezi filamu nzito. Mtu wa Mbagala alikuwa anajaza kibanda umiza kuangalia muvi za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani zenye lugha asiyoijua, kwa sababu Lufufu aliketi na maikrofoni akamweleza kila kitu, akaongeza na chumvi yake. Hakuna aliyemuuliza ana shahada gani. Kilichokosekana hakikuwa akili ya mtazamaji. Ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa na maikrofoni ile mbele ya filamu kama Z.

Basi mimi nitakaa. Kwa Kireno na Kipolishi sijui neno, nitafuata maandishi ya Kiingereza ya chini na kuwasimulia kwa Kiswahili, bila chumvi kadiri nitakavyoweza. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi jioni, I'm Still Here. Kama ofisi ya kata bado haitaki, baba mwenye nyumba wangu kakubali ua wake, na shuka jeupe tunalo. Spika nimeahidiwa. Kinachokosekana ni projekta, na mwenezi, kaka yangu, najua unayo ile ya harusi za shangazi yako. Naiomba. Njoo nayo mwenyewe ukae mstari wa mbele.